Wimbo hujulikana mlangoni

Juma hili tutaacha kidogo mambo ya darasa na ya shamba, tuseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu analijua kwa masikio, ingawa pengine hajapata kulitia katika maneno. Ni ule muda mfupi wa kwanza wa wimbo, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ziko nyimbo ambazo mtu huzijua zikiwa bado mlangoni, kama anavyomjua mgeni kwa namna anavyopiga hodi. Sauti tatu au nne za gitaa zikitoka katika redio ya jirani, mwenye jembe husimama, mwenye mtoto mgongoni huanza kutikisika, na mzee tuliyedhani amesinzia hutaja mwaka.

Tulilijaribu jambo hilo shuleni, huku Masisi. Darasani mwetu wamo watoto ambao nyumbani husema Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo, na wachache Kinyanga, kwa kuwa wazazi wao walitoka upande wa Walikale. Tuliwasikilizisha mianzo ya nyimbo kadha wa kadha, sauti chache tu, kisha tukazima. Nyimbo za siku hizi walizitambua mara moja, wala hatukustaajabu. Lakini tulipofika kwenye «Indépendance Cha Cha», mikono iliinuka kabla hatujazima. Watoto wa miaka kumi na mitatu! Wimbo huo uliimbwa kabla wazazi wao hawajazaliwa.

Mwezi wa Januari 1960 wajumbe wa Kongo walikuwa Brussels, katika Mkutano wa Meza ya Mviringo, wakijadili siku ya uhuru. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alikuwako pia na wanamuziki wake. Miongoni mwao alikuwamo Nicolas Kasanda, «Docteur Nico», mzaliwa wa Mikalayi katika Kasai, ambaye alikuwa na umri wa miaka kama ishirini tu. Siku ya 30 Juni ilikubaliwa, na wimbo ukatoka papo hapo, wakati habari ingali moto. Gitaa la Nico ndilo linalotangulia. Halina haraka wala halipigi kelele, ila lina furaha ya mtu anayekuja mbio njiani na barua mkononi. Maneno yenyewe ni ya Kilingala, pamoja na machache ya Kikongo na ya Tshiluba, na katika milima yetu wengi wakati ule hawakuyafahamu. Haidhuru! Gitaa lilikuwa limekwisha kuwaeleza.

Hata hivyo, tukiulizwa sisi, mwanzo ulio bora kupita wote katika nchi yetu si huo. Ni ule wa «Masanga» wa Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kunasa sauti, alimkuta Mwenda huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Mwenda alikuwa peke yake na gitaa lake. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba likatembea chini, kidole kikacheza juu, hata msikilizaji akadhani wamekaa watu wawili. Tazameni hekima yake: huanza kwa gitaa tupu, nasi kwa muda hatujui mguu ukanyage wapi. Sikio hutafuta, hupata, hupoteza tena. Sauti ya mtu inapoingia mwishowe, msikilizaji amekwisha kufanya kazi yake, amekuwa mmoja wa wapigaji.

Hapo ndipo tunaposikitika kwa ajili ya vijana wetu, nao watusamehe. Kijana wa leo akipokea wimbo katika simu yake, hupeleka kidole moja kwa moja kwenye sebene, mahali pa kucheza. Mwanzo ameuruka kama mtu arukaye mtaro. Twajua kwamba sebene ni tamu, na mwalimu naye ana miguu. Lakini wale watunzi wa zamani waliuweka mwanzo wa polepole kwa sababu: watu waache waliyokuwa wakiyafanya, wakaribie, watazamane.

Tena ubaya huo umeingia hata katika kwaya. Kinanda cha umeme huja na mapigo yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Mpigaji hubonyeza kitufe, na wimbo wa Majilio huanza sawasawa na wimbo wa Pasaka, na wimbo wa kumzika mama sawasawa na wa kumwoza binti yake. Linganisheni na kazi ya Padri Guido Haazen, Mfransisko, na watoto na walimu wake wa Kamina mwaka 1958, katika ile Misa iitwayo Missa Luba. Humo hamna kinanda, ni sauti za watu na ngoma tu. «Kyrie» yake imefuata kasala, ambayo kwa Waluba ni wimbo wa maombolezo. Mtu mmoja huita, wengine humpokea. Asiyejua neno moja la Kigiriki husikia papo hapo kwamba hapa watu wanaomba kuhurumiwa.

Sasa turudi darasani. Baada ya nyimbo za redio, tuliwaomba watoto wenyewe, kila mmoja aanze wimbo wa bibi yake: wa kupembea mtoto, wa kutwanga, wa harusi, wowote. Atoe mwanzo tu, na wengine waseme ni wa nani. Ndipo darasa lilipokuwa kimya. Watatu walijaribu. Wale waliosikiliza, hata wa lugha ile ile, hawakujua ni wimbo gani. Mwanzo uliotoka Brussels mwaka 1960 wanaujua wote; uliotoka ng'ambo ya mto wao hawaujui.

Wala si kwamba huku kwetu palikosekana mafundi. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza Shekarisi Rureke akisimulia habari za Mwindo, yule shujaa aliyeanza kutembea mara tu alipozaliwa. Kazi hiyo ilichukua siku kumi na mbili. Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, alishirikiana na Biebuyck kuiandika, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Rureke hakukaa kitini akisoma. Alicheza, akatikisa kibuyu chenye mbegu, akaimba, na vijana wakagonga mti mkavu kwa vijiti. Watu waliozunguka wakapokea kila wimbo. Kisa chenyewe huanza kwa utulivu: palikuwa na mtemi Shemwindo, akajenga kijiji kiitwacho Tubondo. Basi. Lakini kabla ya neno la kwanza ule mti ulikuwa umekwisha kulia, na kila mtu kijijini akajua jioni ile hakuna kulala mapema.

Tangu vita vilipozuka Ntoto mwaka 1993 vikaenea hata Masisi, na vingine vikafuata juu yake, mpaka vile vilivyofika Walikale penyewe mwezi wa Machi 2025, wenye kujua mianzo ya namna hiyo wametawanyika. Mmoja tunamfahamu. Ni mzee wa Kinyanga, anakaa kwa mkwewe. Tulikwenda kwake na simu mkononi, tukamwomba aimbe tumnase. Alituangalia, akaangalia simu, akauliza, «Nikianza, nani atanipokea?» Tukamwambia tutamsikiliza kwa heshima. Akasema kusikiliza si kupokea. Anataka vijana watatu wa kugonga, wenye kujua Kinyanga cha kutosha kujibu mahali panapotakiwa kujibiwa. Pale nyumbani palikuwa na mjukuu mmoja, naye humjibu babu yake kwa Kiswahili.

Tumewatafuta tangu Kwaresima. Wa kwanza ni kijana atengenezaye pikipiki sokoni. Wa pili ni mwanafunzi wetu, ambaye baba yake ni Mhunde na mama yake Mnyanga. Huenda kwa mzee kila Jumamosi kujifunza majibu, na mama yake humsahihisha jioni jikoni. Wa tatu hatujampata. Mti wa kugonga umekwisha kuchongwa, nao umewekwa darini, juu ya moshi, ukauke.