Bangi na kisu cha mganga

Wako watu wasemao kwamba bangi hutuliza maumivu, na kwamba aliyeivuta hataogopa kisu. Maneno hayo huzungumzwa nyuma ya hospitali, penye mafiga ambapo jamaa za wagonjwa hupika, na kwa ajili yake bangi huingizwa wodini ikiwa imefichwa chini ya ugali. Wasomaji wapenzi, tuyapime maneno hayo.

Bangi si ngeni kwetu. Mwaka 1881 Hermann von Wissmann, msafiri Mjerumani, alipofika Kasai aliwakuta watu wa chifu Kalamba Mukenge wakiivuta katika kibuyu, nao walijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Mwaka 1903 serikali ya Léopold II ikaikataza. Makatazo yapo, na bangi nayo ipo. Hapo ndipo shida inapoanzia, maana kilichokatazwa hufichwa, na mgonjwa huficha hata mbele ya yule atakayempasua.

Kitu cha kulevya kilichomo katika bangi huitwa THC, nacho hushikamana na mafuta. Pombe ya leo kesho imekwisha kutoka. THC hujificha katika mafuta ya mwili, na kwa mtu avutaye kila siku huweza kukaa majuma kadhaa. Basi mtu akilala juu ya meza ya kupasuliwa, mwili wake umekwisha kuzoea kileo, na dawa ya usingizi haimshiki kwa kipimo cha wengine. Mwaka 2019 waganga wa Colorado, Marekani, ambako sheria huruhusu bangi na watu huitaja bila hofu, walitoa hesabu ya wagonjwa 250 waliolazwa usingizi ili wachunguzwe tumboni kwa mpira wenye taa. Wale waliotumia bangi kila siku au kila juma walihitaji dawa iitwayo propofoli zaidi ya mara 3 kuliko wenzao. Mwaka uliofuata, huko huko Colorado, ikatolewa hesabu nyingine ya wagonjwa 118 waliopasuliwa kwa kuvunjika mfupa wa muundi. Wavuta bangi walisikia maumivu zaidi, na dawa kali za maumivu walizopewa hospitalini ziliwazidi za wengine kwa 58 katika 100 kila siku. Watu 118 si wengi, lakini yatosha kumnyamazisha yule anayesema kwamba mvuta bangi hasikii kisu. Anakisikia kuliko jirani yake!

Tena, huko Marekani mganga akiona dawa haitoshi huongeza. Katika hospitali zetu nyingi za vijijini morfini ni adimu, na usingizi huletwa kwa ketamini, ambayo yenyewe huharakisha moyo. Bangi nayo huuharakisha. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba katika saa 1 baada ya kuvuta, hatari ya moyo kushikwa ghafula huongezeka karibu mara 5. Kwa sababu hiyo chama kimoja cha waganga wa usingizi cha Marekani kiliagiza mwaka 2023 kwamba kila mgonjwa aulizwe habari za bangi, na kwamba aliyevuta asipasuliwe kabla ya saa 2 kupita, isipokuwa jambo haliwezi kungoja.

Sitaji sana moshi. Kila mtu ajua kikohozi chake. Ila mtu aliyeshonwa tumbo akikohoa usiku kucha, mshono hutaabika.

Ni kweli, zipo dawa zilizotengenezwa kwa kufuata mmea huu, ambazo waganga huwapa wagonjwa wa kansa ili wasitapike. Kipimo chake chajulikana. Msokoto ulioletwa na shemeji haujulikani.

Liko jambo ambalo jamaa hawalifahamu. Mvutaji akikatiwa bangi ghafula, kwa siku za kwanza hutoka jasho, hukosa usingizi, hukataa chakula na kugombana na kila mtu. Mwuguzi asiyejua sababu atadhani kidonda kimeingia usaha au ni malaria, naye mama wa mgonjwa atanong'ona, “Mrudishieni majani yake.” Msimrudishie. Mwambieni mwuguzi.

Mwenye ngiri aliyepewa siku ya kupasuliwa aiache bangi majuma machache kabla. Akiulizwa, aseme avuta tangu lini, mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kijana akimwogopa baba yake, mwuguzi na amtoe baba nje kwanza. Naye mwuguzi asimkemee, kwa kuwa yeye si polisi. Na ikiwa ajali imetokea usiku na mgonjwa hawezi kusema, aliye karibu naye aseme badala yake, hata kama ni rafiki aliyekuwa akivuta pamoja naye.