Wanaomcheka rais wa sinema wajipime presha

HUENDA nawe, msomaji, ulikuwa miongoni mwa waliokaa mbele ya runinga msimu wa Krismasi wa mwaka wa 2021 wakitazama sinema ya Kimarekani iitwayo Don't Look Up. Ikiwa hukupata kuiona, kisa chenyewe ni hiki. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea elimu ya nyota anagundua nyotamkia, yaani ile nyota yenye mkia, ambayo upana wake ni kati ya kilomita tano na kumi, na ambayo inakuja moja kwa moja kuigonga dunia. Yeye na mwalimu wake wanapiga hesabu na kupata kwamba imesalia miezi sita na siku 14 pekee. Wanakimbia kumwarifu rais wa Marekani. Bi. Rais anawaweka wangoje weee, kisha anawasikiliza huku mawazo yake yakiwa kwenye uchaguzi, na mwishowe anaamua kwamba heri watu watulie kwanza na jambo hilo litathminiwe.

Ni nadra sinema kuzua mzozo miongoni mwa watazamaji jinsi hiyo ilivyozua. Kati ya Desemba 27, 2021 na Januari 2, 2022, ilitazamwa kwa zaidi ya saa milioni 150 kote ulimwenguni. Hata hivyo wahakiki wengi walikuwa wameiponda. Ni ndefu mno, walisema (inachukua saa mbili na dakika 18), inahubiri badala ya kuchekesha, na inawafanya watu wote kuwa wapumbavu. Halafu wakajitokeza wanasayansi wanaochunguza hali ya hewa, akiwemo Peter Kalmus wa Marekani, wakasema hawajaona sinema nyingine inayoeleza kwa usahihi kama hiyo jinsi walimwengu wanavyopuuza maonyo yao. Mwaka wa 2022 iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar na ikaondoka mikono mitupu, kwa hivyo hata huko mzozo haukuamuliwa.

Utauliza, haya yanahusu nini ukurasa wa afya? Subiri kidogo.

Nyumbani kwangu hapa Nairobi tuliitazama siku moja baada ya Krismasi, tukiwa watu tisa kwenye sebule inayotosha watu watano. Kuna mahali wanasayansi wanamwambia rais kwamba uwezekano wa dunia kugongwa ni asilimia 99.78. Rais anauliza kama basi si hakika kamili, kisha anapendekeza isemwe kuwa ni asilimia 70 na mambo yaendelee. Sebule nzima ilipasuka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa amekuja na familia yake kutoka Nakuru. "Hawa Wamarekani ni wajinga kweli," alisema akijipangusa machozi. Vijana nao walikuwa wa maoni kwamba mwandishi amepiga chuku, kwani hakuna mtu anayeweza kuambiwa kifo kinamjia naye akaanza kupunguza hesabu.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Shemeji yangu, dada ya mke wangu, ni muuguzi wa miaka mingi. Alisema polepole, "Huyo rais huja zahanati yetu kila siku. Tena siku nyingine huja na mkewe."

Tulicheka tena, tukadhani ni mzaha.

Sasa nikueleze jambo ambalo mimi na kaka tulilijua na wengine pale sebuleni hawakulijua. Mnamo Oktoba mwaka huohuo, kaka alipimwa presha kwenye kambi ya matibabu ya bure iliyoandaliwa kanisani kwao. Ilikuwa 178 kwa 108. Aliambiwa aende hospitalini wiki hiyohiyo. Alinipigia simu jioni, na nilisikia kutoka kwa sauti yake kwamba ameogopa. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia hiyo ni presha ya foleni. Nikamwambia bila shaka alikuwa amesimama juani, tena amekunywa kahawa, na mashine za kambini zenyewe nani anajua zilinunuliwa lini. Apunguze chumvi, atakuwa sawa. Kaka alishusha pumzi, tukaanza kuzungumza juu ya bei ya mbolea.

Sikuwa na nia mbaya. Ndugu yako akiogopa unataka kumwondolea hofu, na njia ya mkato ni kuipunguza ile nambari. Asilimia 99.78 ikawa 70, na mimi si rais wala sina uchaguzi wa kushinda.

Mei mwaka wa 2022 kaka alianguka bafuni. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kushoto haujarudi ulivyokuwa, na kazi yake ya ushonaji inahitaji mikono miwili.

Kwa wasiojua, shinikizo la damu huhesabiwa kuwa la juu linapofika 140 kwa 90 au zaidi kila linapopimwa. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haliumi popote. Mtu huenda shambani, hula, hulala, hucheza na watoto, huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho ikiendelea kuharibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni moja wana tatizo hili, na karibu nusu yao hawana habari. Nyotamkia ya sinemani angalau ilikuwa na mkia. Ilipokaribia, kila mtu aliinua macho akaiona kwa macho yake, hata wale waliokuwa wameambiwa wasitazame juu. Presha haina mkia wa kuonekana. Wengi huiona siku mdomo unapokwenda upande.

Lakini nisije nikasema kwamba kila nililomwambia kaka lilikuwa upuzi. Ni kweli kwamba kipimo kimoja chaweza kudanganya. Ukipimwa ukiwa umetoka kupanda ngazi, au umekunywa kahawa, au una wasiwasi, nambari huweza kupanda. Ndiyo sababu wahudumu wa afya hukuketisha kama dakika tano na kupima zaidi ya mara moja, na wakiona haja hukuita siku nyingine. Basi kosa langu lilikuwa wapi? Lilikuwa kwamba shaka yangu niliitumia kupunguza nambari, badala ya kuitumia kumpeleka akapimwe tena. Na kwa nambari kubwa kama ile, alipaswa kwenda mapema hata kuliko wengine.

Wanajimu wa kweli, si wale wa sinema, walitupa mfano mzuri wa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 waligundua jiwe la angani walilolipa jina 2024 YR4, ambalo lilionekana kwamba huenda likaigonga dunia mwaka wa 2032. Kufikia Februari 2025 uwezekano huo ulikuwa umepanda hadi takriban asilimia 3. Hawakusema ni sifuri ili tulale vizuri, wala hawakusema tumekwisha. Walitangaza nambari ile ilivyo, wakaendelea kupima usiku baada ya usiku, na siku chache baadaye vipimo vipya viliishusha hadi karibu na sifuri. Ilishushwa na vipimo, si na ndugu mwenye huruma kwenye simu.

Ama kuhusu wale watazamaji waliosema sinema inapiga makelele, mimi siwapuuzi. Katika kisa hicho yule mwalimu, akifika mbele ya rais, anaanza kwa hesabu ngumu hata hakuna anayemwelewa. Mwanafunzi wake naye anapandwa na hasira kwenye kipindi cha runinga, anapiga kelele kwamba sote tutakufa, na siku ya pili yake nchi nzima inamfanyia mzaha. Nani hajaonana na daktari wa aina hizo mbili? Mmoja anazungumza lugha ya vitabu huku akiandika, hakutazami usoni. Mwingine anakukaripia kama mtoto mbele ya wagonjwa wenzako, na unaapa hutarudi.

Mtafiti Kim Witte wa Marekani aliandika mwaka wa 1992 kwamba mtu akitiwa hofu kubwa bila kuonyeshwa njia anayoamini anaweza kuifuata, hupigana na ile hofu badala ya kupigana na hatari yenyewe. Hukana, au hucheka, au humlaumu aliyeleta habari. Sisi Wakenya hatukuhitaji kwenda mbali kuyajua hayo. Wenye umri wangu wanakumbuka matangazo ya kwanza kuhusu Ukimwi, yaliyotuambia tu kwamba unaua na hauna dawa. Tuliogopa sana, na wengi hawakwenda kupimwa, kwani mtu apimwe ili iweje? Ni baada ya dawa za kupunguza makali kuanza kutolewa katika hospitali za umma miaka ya 2000 ndipo kupimwa kulipokuwa na maana.

Kwa presha njia ipo, na ilikuwapo ile jioni ya Oktoba. Vidonge vipo, na si vigeni wala vya ajabu. Ningemwambia kaka, "Ndiyo, nambari hiyo ni mbaya. Kesho asubuhi nenda, nitakutumia nauli na pesa za daktari." Ni maneno machache kuliko yale niliyoyatumia kumtuliza.

Desemba iliyopita kaka alikuja tena Nairobi, na watoto wakaiweka ile sinema. Sikutaka itazamwe, lakini ni yeye aliyesema waiache. Ilipofika mahali pa asilimia 70 hakuna mtu mzima aliyecheka. Kaka aligeuka akanitazama, si kwa ubaya, kisha akamwambia shemeji aliyekuwa ameketi kando, "Huyu naye amewahi kupimwa?"

Shemeji alitoa mashine yake kwenye mkoba. Akaniketisha, akaninyamazisha dakika tano, akapima, akangoja, akapima tena. Ilikuwa 148 kwa 94, halafu 146 kwa 92. Nilianza kumweleza habari ya chai ya maziwa niliyokunywa na jinsi nilivyokuwa nimebeba viti kutoka kwa jirani.

"Jumatatu saa mbili asubuhi, shemeji," alisema huku akiikunja mashine. "Uje bila kunywa hiyo chai."