Kitanda Usichokilalia

Fundi ninayempelekea kompyuta zangu pale Kariakoo ana kauli moja anayoirudia kila akiwasha mashine yangu na kukuta nimeweka toleo la majaribio la mfumo endeshi: "Kaka, hayo waachie wenyewe. Wewe subiri liive." Kauli hiyo nimeisikia pia kwa walimu wa TEHAMA, kwa wanafunzi wa vyuo, hata kwa jamaa zangu wanaofanya kazi za ofisini. Imegeuka kuwa kanuni. Mfumo ambao haujatoka rasmi ni wa wataalamu wa Marekani na Ulaya. Mtu wa kawaida, tena wa huku kwetu, kazi yake ni kungoja umalizike ndipo autumie.

Namheshimu fundi wangu, mikono yake imeokoa mashine zangu mara nyingi. Lakini kanuni hiyo ni potofu, na sisi ndio tunaoilipia. Imesimama juu ya mambo mawili yasiyo ya kweli: kwamba siku mfumo unapotangazwa huwa umekamilika, na kwamba jicho la mtu asiye mtaalamu halina kazi katika majaribio.

Tuanze na la kwanza. Tarehe 2 Oktoba 2018, Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10. Hilo halikuwa la majaribio. Lilikuwa limeshatangazwa kuwa tayari kwa umma. Siku chache baadaye kampuni ililisimamisha, kwa sababu kuna watu waliomaliza kusasisha wakakuta nyaraka na picha zao zimefutwa. Chanzo chake kinaeleweka hata kwa asiyejua kuandika programu. Mtu alikuwa amehamishia folda yake ya nyaraka kwenye diski nyingine, lakini mafaili mengine yakabaki kwenye folda ya zamani. Mfumo mpya uliiona folda ile ya zamani kama kitu kisicho na kazi, ukaifuta pamoja na vilivyomo. Microsoft ilieleza kwamba waliopatwa na mkasa huo walikuwa wachache sana kati ya waliosasisha, na toleo lilirudi tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa. Lakini aliyepoteza picha za harusi yake hafarijiki kwa kuambiwa kwamba yuko peke yake.

Sehemu inayouma zaidi ni hii. Watu waliokuwa wakiujaribu mfumo huo majumbani, kupitia mpango wa Windows Insider ulioanzishwa mwaka 2014, walikuwa wameshaliripoti tatizo hilo miezi kadhaa kabla. Ripoti zao zilizama kwa kuwa zilipata kura chache. Baada ya hapo Microsoft iliongeza mahali pa mjaribu kueleza tatizo lake lina uzito gani. Wapo wanaokitumia kisa hiki kusema kwamba majaribio ya watu wa kawaida hayana maana. Mimi nakisoma kinyume kabisa. Watu wa kawaida waliuona ufa; waliokosekana ni wenzao wa kusema, "Hata kwangu upo." Kila aliyekaa pembeni akingoja mfumo uive alipunguza sauti moja katika kundi lililohitaji sauti.

Sasa la pili, la jicho la asiye mtaalamu. Machi 2024 dunia ya kompyuta iliponea chupuchupu. Ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya bure ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ile familia ya mifumo endeshi ya bure, kulikuwa kumepandikizwa mlango wa siri. Aliyeupandikiza, akijiita Jia Tan, alikuwa amechangia kazi kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, na alikuwa ameshaaminiwa. Mlango huo ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuamrisha seva za watu kwa mbali. Haukugunduliwa na jopo la usalama. Aliugundua Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye Debian, mmojawapo wa mifumo hiyo ya Linux, katika ngazi yake isiyo imara, yaani ile ambayo bado haijatolewa rasmi. Aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH, kulikochukua kama sekunde 0.3, sasa kunachukua kama sekunde 0.8. Hakusema, "Ni majaribio, lazima yasumbue." Alifuatilia ile nusu sekunde mpaka akafika kwenye shina, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu.

Ni kweli, Freund ni mhandisi hodari, na kufika kwenye shina kulihitaji ujuzi wake. Lakini usalama haukuwa fani yake, na kilichoanzisha yote hakikuwa shahada. Kilikuwa ni mtu anayetumia mfumo ambao haujatoka rasmi katika kazi zake za kila siku, asiyekubali kupuuza kitu kilichobadilika. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia kwenye mifumo ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakuwa yamefika kwenye Debian thabiti. Watengenezaji wa Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, nao waliahirisha toleo lao la majaribio la 24.04 kwa wiki moja ili wajenge upya vifurushi vyao. Lau kila mtu angengoja mfumo uive, sumu ingeiva nao.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili linatuhusu sisi kuliko wote, kwa sababu kitanda chetu hakuna mwingine atakayekilalia. Mtengenezaji anayekaa kwenye umeme usiokatika na intaneti isiyopimwa kwa bando hawezi kujua mfumo wake unafanya nini umeme ukikatika katikati ya kusasisha. Mimi najua. Laptopu yangu ya majaribio ni ya mtumba, ina RAM ya GB 4 na betri iliyokufa siku nyingi. Jioni moja nilikuwa nasasisha toleo la majaribio la mfumo mmoja wa bure, umeme ukakatika, na mashine haikuwaka tena. Niliandika ripoti kwa Kiingereza changu cha kawaida. Mmoja wa watengenezaji akanijibu, akaniomba nirudie. Nilichomoa waya kwa makusudi mara tatu, nikamtumia kilichoonekana kwenye skrini kila mara. Toleo rasmi lilipotoka, nilichomoa waya tena. Mashine iliwaka na kuendelea pale ilipoishia. Hiyo ndiyo faida ninayoizungumzia, na haikunidai ujuzi wowote zaidi ya subira.

Ndivyo ilivyo pia kwa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiishi siku ya uzinduzi. Kila toleo jipya huja na maneno mapya na vitufe vipya, na neno la Kiswahili lililokatwa nusu kwenye kitufe ataliona anayekisoma Kiswahili, tena kabla toleo halijatoka, si baada ya mwaka.

Na mashine zetu je? Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo laptopu nyingi kuukuu hazina. Wengi wetu tumebaki na mashine nzima zisizo na pa kwenda, na Linux ni mlango ulio wazi. Nani atahakikisha kwamba matoleo yake yajayo yatatembea vizuri kwenye mashine hizo, kama si sisi wenye nazo?

Fundi wangu ana haki katika jambo moja: hatari ipo. Toleo la majaribio la Windows 7, la Januari 2009, lilikuwa na hitilafu iliyoharibu nyimbo za MP3 kwa kukata sekunde zake za mwanzo. Kwa hiyo usiweke mfumo wa majaribio kwenye kompyuta pekee inayokulisha. Usifanyie humo mambo ya benki. Nakili kwanza kila unachokipenda kwenye diski ya pembeni, kisha uichomoe. Linux nyingi unaweza kuziwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Na programu ya bure ya VirtualBox hukupa kompyuta ndani ya kompyuta, ikiharibika unaifuta. Bando nalo ni gharama, maana faili la Ubuntu la siku hizi linapita GB 5. Basi mmoja apakue, wenzake wanakili kwa flashi. Hatari inayoweza kuzingirwa hivi haitoshi kuwa sababu ya kukaa kando.

Tuache basi kujiita watu wa kungoja. Ubuntu hutoka kila Aprili na Oktoba, na wiki chache kabla ya hapo toleo la majaribio huwa wazi kwa yeyote, bure. Ishushe ile laptopu iliyolala juu ya kabati, uifute vumbi, uiwekee mfumo huo na uutumie kama unavyotumia siku zote. Ukikuta kasoro, andika mambo manne: mashine yako ni ipi, ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Tuma ripoti hiyo usiku huohuo. Mfumo ukishatoka, kasoro hiyo itakuwa ya jirani yako pia, na ya mwanafunzi aliyeko Tunduru mwenye laptopu moja tu.