Ngomeni kuna kioo, Majengo je?

Mtu wa Gikomba akisema anakwenda Mombasa, jirani humuuliza ni harusi au ni msiba. Mimi mwezi uliopita nilikwenda kutembea tu. Asubuhi nilishika Ndia Kuu kwa miguu, adhuhuri nikasali msikiti wa Mandhry, kisha nikaingia Ngomeni.

Watalii waliishia kwenye mizinga. Mimi nilikawia makumbusho, mbele ya vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama papo hapo mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kazi ya kuvitoa ilianza mwaka 1977. Fikiri, msomaji: vyombo vya Mreno vimelala majini miaka 280, na leo vina kioo, taa na mlinzi! Sina ugomvi na hilo. Ngome yenyewe ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na lau isingefanywa makumbusho mwaka 1960, sijui tungekuta nini.

Lakini nilirudi Nairobi na neno moyoni. Hatua chache kutoka vibanda vyetu vya mitumba iko Pumwani, yaani Majengo, mtaa ulioanzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920. Waislamu wengi walihamia humo kutoka vijiji vya zamani vya Nairobi, wengine asili yao huko huko kwenu pwani. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakapelekwa Shauri Moyo. Nyumba za Majengo zilikuwa za Kiswahili hasa: kuta za udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Sasa moja moja zavunjwa, ghorofa zasimama, na milango yake huishia kuwa kuni.

Bibi mmoja jirani yangu ana sanduku la bati lenye picha na karatasi za mamake, aliyezaliwa Pangani. Nilipomsimulia niliyoyaona Ngomeni, aliniuliza, "Na sisi, mwanangu, mpaka tuzame baharini ndipo tutiwe kwenye kioo?"

Siombi ngome. Naomba chumba kimoja, karibu na msikiti wa Riyadha, chenye kabati na mtu wa kuandika daftari. Wazee wa mtaa wakikubali, bibi yuko tayari kulitoa sanduku lake. Ila amesema halitoki mlangoni kwake kabla hajakiona chumba kwa macho yake.