UKUMBI WA AFYA: Chupa ya Haba Soda na Dawa ya Hospitali



Mwezi huu tuizungumze saratani ya ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo pembezoni mwa mfuko wa uzazi. Ni maradhi yenye kujificha, kwani dalili zake hufanana na za gesi: tumbo kujaa, kushiba kwa matonge machache, maumivu ya tumbo la chini, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mwanamke, khasa aliyetimiza miaka 50, akiyaona haya zaidi ya mara 12 kwa mwezi, na amwombe daktari wake kipimo cha damu kiitwacho CA125. Kile kipimo cha mlango wa uzazi tunachoitiwa kila baada ya miaka michache hakiigundui saratani hii, ingawa wengi wetu hudhani kinaigundua.

Aliyekwisha kupatwa, aghlabu hufanyiwa upasuaji na kemo. Lakini nyumbani nako kuna tiba: haba soda, asali, uwatu, kombe la zafarani. Kila jirani huja na chupa yake. Huo ni upendo, na haukataliwi. Taabu ni kwamba chupa hizo hufichwa, daktari asizijue, kwa kuogopa kukemewa.

Tusidhani kwamba hospitali haithamini miti. Paklitakseli, mojawapo ya dawa mbili kuu za kemo ya saratani hii, ilitolewa kwanza katika gome la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani. Mwenziwe, kaboplatini, ni dawa ya madini ya platini, nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa hapa hapa London, katika Hospitali ya Royal Marsden, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gome lile lilipimwa, ikajulikana kiasi gani hufaa na kiasi gani hudhuru. Haba soda imechunguzwa sana katika maabara, lakini haijathibitika kwa binadamu kuwa yaponya saratani hii. Anayekwambia uache kemo uinywe hiyo, huyo si mtabibu, ni mfanyabiashara.

Yapo yanayosaidia. Tangawizi na tiba ya sindano za Kichina huweza kupunguza kichefuchefu, na kutembea kidogo kila siku hupunguza uchovu. Kombe nalo halina ubaya, ila maji yachemshwe na sahani iwe safi, maana kemo hupunguza seli nyeupe za damu, na mgonjwa hushikwa upesi na vijidudu. Anayemeza vidonge vya olaparibu aepuke balungi, kwa kuwa huizidisha dawa mwilini.

Ninalolihofu zaidi ni sanamaki. Mgonjwa akikosa choo, mara huchemshiwa. Saratani hii huweza kuubana utumbo hadi ukaziba, na dawa ya kuharisha ikiusukuma utumbo ulioziba, huweza kuutoboa. Tumbo likivimba na kusokota, naye anatapika, hapati choo wala upepo, asipewe kitu. Ipigwe ile nambari ya dharura aliyopewa hospitalini, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Kwa hiyo zitieni chupa zote mkobani, mkamwonyeshe muuguzi wa saratani. Mwombeni pia mkalimani wa hospitali, ambaye halipiwi. Si haki kumbebesha binti wa miaka 12 kumfasiria mamake habari kama hizi.

Na anayetaka pa kupumzisha moyo, vipo vituo vya Maggie's, vilivyopewa jina la Maggie Keswick Jencks, aliyefariki kwa saratani mwaka 1995. Kimoja kiko Hospitali ya Charing Cross, Hammersmith, tangu 2008. Kingine kiko Barts tangu 2017. Jamaa wa mgonjwa nao hupokewa. Hakuna malipo wala miadi: unabisha hodi, unakaribishwa chai.

Wabillahi tawfiq.