Kifuniko hakizuii joto

Mabango ya «Hatari!» ni mengi ukutani. Kwa maoni yetu hayatoshi. Anayejua sababu anajilinda hata pasipo bango.

Elimu ya joto inagawa vitu katika aina tatu. Sufuria ya sombe isiyofunikwa iko wazi: joto linapita, mvuke nao unatoka. Pipa lenye vizibo limefungwa: hakuna kinachotoka, lakini joto linapita katika chuma bila kuomba ruhusa. Aina ya tatu haipitishi joto wala kitu. Hiyo haipatikani kamili. Chupa ya termosi inaikaribia, lakini asubuhi chai yako ya kazi ya usiku imekwisha kupoa.

Tunaloogopa ni mtu kuona pipa limefungwa na kudhani ndani kumelala. Hewa iliyofungwa kwa digri 27, ukiipasha mpaka 327, inasukuma kwa nguvu mara mbili. Maji ni mabaya zaidi: lita moja ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita 1600 hivi. Pipani nafasi hiyo iko wapi? Chuma kinapasuka.

Mama anayepasha maji ya kuoga katika pipa nyuma ya nyumba aondoe vizibo vyote viwili kabla ya kuwasha kuni. Akikuta vimesahauliwa na pipa limekwisha kupata moto, asiviguse. Awatoe watoto mbali, auache moto ufe wenyewe, na asikaribie mpaka pipa lipoe kabisa.

Huko atelye, pipa «tupu» la esansi si tupu. Matone yaliyobaki yanageuka mvuke, unachanganyika na hewa, na moto wa kukatia chuma unaulipua, hata kizibo kikiwa wazi. Mkubwa wa kazi anayesema «kata upesi, halina kitu» hatumsifu. Pipa hilo ni la wale waliofundishwa kulisafisha.

Tena iko mbabula. Katika baridi ya Juni na Julai watu wanaiingiza chumbani na kuziba madirisha ili joto lisitoke. Joto linatoka tu, kwa kuta na kwa mabati. Kinachobaki ni gesi ya makala, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu usingizini. Mbabula ilale nje, hata makala yakionekana yamekuwa majivu.