Wati Ngapi? Swali Lisilotosha

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotwikwa mzigo kupita kiasi ni neno nguvu. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, serikali ina nguvu, na redio nayo ina nguvu. Hapa Kilifi, mnunuzi aingiapo katika duka la vyombo vya umeme, swali lake la kwanza, na mara nyingi la mwisho, ni moja tu: "Hii ina wati ngapi?" Muuzaji humwonyesha kibandiko kilichoandikwa wati elfu tatu au elfu tano, mnunuzi akaridhika, akatoa fedha na kwenda zake. Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa umeme. Hata hivyo, ninaamini kwamba watu wetu wanapoteza fedha nyingi kwa sababu neno moja limepewa kazi ya maneno matatu.

Tuanze na hicho kibandiko. Kando ya tarakimu hizo nono huandikwa herufi P.M.P.O., ambazo hazina kanuni moja waliyokubaliana watengenezaji. Kila mmoja hukokotoa atakavyo. Geuza chombo hicho usome maandishi madogo ya nyuma, na huenda ukakuta kwamba kinatumia wati 40 tu za umeme wa ukutani. Chombo kinachokula 40 kitatoaje elfu tatu? Wamarekani waliuona ulaghai wa aina hii mapema. Mwaka 1974 Tume yao ya Biashara ilitoa kanuni ya kuwabana wauzaji wa amplifaya za nyumbani wataje nguvu iliyopimwa kwa utaratibu maalumu, na mwaka 2024 kanuni hiyo ikarekebishwa tena.

Lakini tuseme kibandiko kinasema kweli. Bado mnunuzi hajaelezwa jambo lililo muhimu zaidi. Wati ni kiasi cha umeme ambacho amplifaya inaweza kuisukumia spika. Si kiasi cha sauti kinachotufikia masikioni. Spika nyingi za nyumbani hugeuza chini ya asilimia moja ya umeme zinaopewa kuwa sauti, na kilichobaki hupotea kama joto. Ndiyo maana mafundi hupima spika kwa kuipa wati moja, wakasimamisha kipimo umbali wa mita moja, wakasoma desibeli. Spika ya kawaida hutoa desibeli 87 hivi. Spika ya pembe, ile iliyotanuka mdomo kama tarumbeta, huweza kufikia 100 na zaidi. Nitaiita sifa hii wepesi wa spika, kama tusemavyo kwamba mwanafunzi fulani ni mwepesi wa kuelewa.

Tofauti hiyo ya desibeli si ndogo kama inavyoonekana. Kila unapotaka kuongeza desibeli tatu huna budi kuzidisha wati maradufu, na kuongeza desibeli kumi kwataka wati mara kumi. Basi spika ya desibeli 87 inahitaji wati 100 ili kufikia 107, hali ya kuwa ile ya 97 inahitaji wati 10 pekee. Spika ya Klipschorn, aliyoibuni Mmarekani Paul Klipsch mwaka 1946 na ambayo ingali inatengenezwa, hufika huko kwa wati mbili hivi.

Pembe si jambo geni kwetu wakaazi wa pwani. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zilitangaza mambo makubwa ya mji kwa pumzi ya mtu mmoja. Santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zilisikilizwa kwa gramafoni za kutia ufunguo, zisizotumia hata wati moja ya umeme. Sindano ilitikisa kigamba chembamba, na pembe ikafanya kazi iliyobaki. (Wahenga waliosema kwamba debe tupu haliachi kuvuma walikuwa na fizikia yao, ingawa hawakuwa wakiwazungumzia mafundi.)

Sasa nije Kibarani, ninakoishi. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ana spika mbili kubwa za pembe zilizotoka katika ukumbi wa sinema uliofungwa. Kumbi za zamani zilijaza sauti kwa amplifaya za wati chache, na kwa hiyo spika zake zilitengenezwa kuwa nyepesi mno. Mwalimu alishauriwa na muuzaji mmoja kwamba spika kubwa zataka amplifaya kubwa, naye akanunua. Nyumba yake hutumia umeme wa jua: betri moja ya volti 12 na saa-ampea 50. Hiyo ni wati-saa 600 kwa hesabu ya karatasi. Usipotaka kuiua betri ya risasi, tumia nusu yake, yaani 300. Amplifaya ile, pamoja na kigeuzi cha umeme, ilikula wati 50 hivi hata kabla wimbo haujaanza. Saa sita, betri kwisha. Taa za wajukuu wanaosoma zikazimika pamoja na taarabu.

Ubaya wa pili ulikuwa mvumo. Kila amplifaya ina mvumo wake mdogo, shhh isiyokoma, ambao spika nzito huumeza. Spika nyepesi haimezi kitu. Kama inavyokuza wimbo ndivyo inavyokuza na taka zake. Tena msikilizaji mwenye spika za namna hii huishi ndani ya wati moja ya kwanza, na huko ndiko amplifaya nyingi za bei nafuu huwa mbovu zaidi, kwa kuwa transista zake hupokezana wimbi la sauti kwa kujikwaa. Ni sawa na kununua lori ili kubebea kikapu cha mayai.

Kijana mmoja fundi wa mtaani alimwondolea Mwalimu adha hiyo kwa amplifaya ndogo ya kisasa, ya kuunganishwa moja kwa moja na betri, isiyofika wati 10 wala kuhitaji kigeuzi. Inakula wati 5 hivi katika usikilizaji wa kawaida. Kwa betri ile ile, hesabu inatoa saa 60.

Wapo watakaoniuliza juu ya amplifaya za valvu, ambazo wapenzi wa muziki wa Japani na Ulaya huziabudu. Babu zetu walizijua valvu: waliosikiliza Kiswahili cha Redio Cairo kuanzia 1954, au cha BBC kuanzia 1957, wengi wao walisubiri kwanza redio ipate moto. Valvu ya 300B, iliyotolewa na kampuni ya Western Electric katika miaka ya 1930, hutoa wati 8 hivi, na ni mwenzi halisi wa spika ya pembe. Sauti yake ni tamu, sikatai. Utamu huo una sababu zake: makosa yake ni ya aina isiyoudhi sikio, na ukinzani wake mkubwa huiachia spika ijitikise kidogo, hasa katika besi, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine hulichukia. Lakini jozi ya valvu hizo hula wati mia moja au zaidi usiku kucha, iwe unasikiliza au umelala, nazo hubeba mamia ya volti ndani ya sanduku. Katika nyumba ya betri moja, ni anasa. Nani atamuuzia Mwalimu valvu nyingine hii ikiungua?

Mengine ni mepesi. Hesabu omu: amplifaya ya transista isipewe spika yenye omu chache kuliko ilizoandikiwa, na ile ya valvu isiwashwe kamwe bila spika.

Kinachonisikitisha ni kwamba kijana yule fundi hakuyajifunza haya darasani. Fizikia ya sekondari nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali fundi na mteja wake hupatana kwa Kiswahili na Kigiriama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia TUKI, kilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ni shule ngapi za huku zinayo? Hata leo neno kipaza sauti ni la chombo kinachopokea sauti ya msemaji na pia la kile kinachoitoa upande wa pili. Mwanafunzi asiyeweza kuvitenganisha viwili hivyo kwa jina atavilinganishaje?

Walimu wa fizikia, chukueni simu na karatasi ngumu. Kunjeni karatasi iwe pembe, muiweke kwenye tundu la spika ya simu, na wanafunzi waandike, kwa Kiswahili, kilichoongezeka na kisichoongezeka. Nalo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lidai kila spika inayouzwa nchini iandikwe desibeli zake kwa wati moja, kwa herufi kubwa kama zile za P.M.P.O.